Bomba Kavu la Hezekia

Ndugu zangu wa Turwa, na ninyi wa Kemambo mnaoshuka mjini siku za soko, kaeni kidogo niwaambie jambo. Wengi mmelisikia nusunusu, na ile nusu mliyoisikia ndiyo yenye uongo mwingi. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa jikoni kwa Nashoni, sinia mkononi, siku maji yalipoingia sebuleni kwake, na lile yowe lililowatoa mashambani nililipiga mimi Tabitha, mjane wa seremala. Nyumba yangu iko katikati, kwa Hezekia kulia na kwa Nashoni kushoto, kwa hiyo ya huku niliyaona na ya huko niliyaona.

Nianze na siku za amani. Alasiri, jua likishalegea, nilikuwa navuka kwenda kwa Hezekia kumsalimu mkewe, Veronika. Veronika ni mtoto wa ziwani, amezaliwa Shirati, amekua akianika dagaa na kuogelea na kaka zake. Kiharusi kilipompiga, upande wake mmoja ukafa, na maneno yakawa yanamtoka kwa shida. Alikaa kwenye kiti siku nzima akitazama ukuta, hataki kula. Hezekia alikuwa amestaafu kazi ya kutunza mifumo ya maji kwenye hoteli moja ya watalii kule Serengeti, na akawaza jambo ambalo waume wengi hapa kwetu hawawezi kuliwaza. Akaamua kumletea mkewe ziwa ndani ya nyumba.

Akatengeneza tangi la samaki la vioo vinene, refu kama kitanda, akaliweka juu ya meza ya chuma mbele ya kiti cha Veronika. Ndani aliweka sato wadogo na wale samaki wa rangi wa ziwani, furu. Tulikaa pale, mimi na Veronika, tukisikiliza maji yakidondoka polepole upande wa nyuma. Siku moja aliinua mkono wake mzima, akanyoosha kidole kwenye kioo, akasema, "Furu." Lilikuwa neno lake la kwanza tangu mvua za masika. Hezekia alitoka nje, nikamwona akijipangusa macho kwa kofia yake.

Msidhani ile ilikuwa kazi ya kumimina maji tu. Hezekia alichora na kufuta, akachora tena, kabla hajanunua hata kipande kimoja cha kioo. Nilimuuliza samaki wanahitaji nini zaidi ya maji.

"Shemeji," akaniambia, "kujaza maji mtoto anaweza. Kazi ni kuyatoa na kuyarudisha."

Akanionyesha. Kwenye kona ya tangi kulikuwa na kisanduku cha kioo, ukingo wake una meno kama ya kichana. Maji yakijaa yanavuka kwenye yale meno, yanadondokea kisandukuni, yanashuka kwa bomba hadi kwenye tangi la pili lililofichwa chini ya meza. Huko chini yanachujwa, kisha pampu inayapandisha juu kwa bomba jingine. Maji ni yale yale, yanazunguka. Usione vyaelea, vimeundwa.

Basi amani ile haikukaa. Kushoto kwangu kulikuwa na mtu asiyepata usingizi.

Nashoni ni mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu wa minada, na si mtu mbaya. Nataka mlijue hilo, maana tukianza kusema fulani ni mbaya tunajitoa sisi wenyewe kwenye hadithi. Yeye na Hezekia walitahiriwa msimu mmoja. Siku ile kwenye mstari Hezekia alisimama mbele, Nashoni akafuata. Wote walisimama kiume, hakuna aliyepepesa jicho, lakini waliporudi nyumbani kwa nyimbo jina lililotajwa kwanza lilikuwa la Hezekia. Vijana wengine walikua wakasahau. Nashoni alikua nalo. Hezekia alipojenga nyumba ya matofali ya kuchoma, Nashoni alijenga ya matofali ya kuchoma na kuongeza vyumba. Hezekia alipoezeka bati la rangi, Nashoni aling'oa bati zima akaweka la rangi. Mkewe Wegesa alizoea, akawa anasema tu, "Mzee ameona kitu tena."

Lakini samaki walimchoma kuliko bati. Watoto wakitoka shule walipitia kwa Hezekia. Wageni wa harusi walipelekwa kwa Hezekia. Na kibaya kuliko vyote, vijana wa bodaboda ambao zamani walisema "shukia kwa Nashoni, geti jekundu" wakaanza kusema "shukia kwa mzee wa samaki." Nashoni aliyasikia hayo akiwa amesimama kwenye lile lile geti jekundu. Alinisimulia baadaye kwamba siku hiyo alipolala alikuwa anasikia maji ya jirani yakidondoka, ingawa kutoka kwake huwezi kuyasikia hata ufanyeje.

Siku moja akaingia kwa Hezekia, nami nikiwepo. Veronika aliinua mkono kumpa salamu. Mkono ulibaki hewani, maana macho ya Nashoni yalikuwa kwenye kioo. Akazunguka meza, akachungulia kona, akafungua milango ya chini bila kuomba.

"Mura," akasema, kama watu wa rika moja wanavyoitana kwetu, "hapa kisandukuni umeweka mabomba mawili ya kushusha. Hili refu mbona kavu? Halipitishi maji hata tone."

"Ndivyo inavyotakiwa," Hezekia akajibu. "Kaa nikueleze."

"Na hili la kupandisha limetoboka. Tazama tundu hapa kwenye usawa wa maji, linatema." Akacheka. "Na tangi la chini ni nusu tupu. Maji yameisha Tarime?"

"Kaa chini, mura. Kila kimoja kina sababu yake."

"Unieleze nini? Nina macho."

Akatoka. Nilimtazama Veronika akiurudisha mkono wake pajani, na niliona hasira ambayo sijaimeza mpaka leo. Yule mtu alikuwa anamwonea wivu mgonjwa kwa kitu chake cha kumfariji. Hakuwa ameona kiti, wala mkono, wala mwanamke. Alichokiona ni vioo na wingi wa watu mlangoni.

Mtaniuliza, kwa nini asikae aelezwe? Kuuliza si ujinga, tunawafundisha watoto. Lakini kwa Nashoni kumuuliza Hezekia kulikuwa ni kurudi nyuma yake kwenye ule mstari, na alikuwa amejiapiza kwamba hatarudi.

Akamwita Nchagwa, fundi aliyekata vioo vya Hezekia. Wegesa alikuwepo, ndiye aliyenihadithia. Nashoni alitaka tangi refu zaidi na pana zaidi. Nchagwa akauliza kama ataweka mabomba mawili ya kushusha.

"Moja," Nashoni akasema. "Lile jingine ni pambo. Mzee alidanganywa."

"Na lile tundu kwenye bomba la kupandisha?"

"Sitaki bomba bovu kwangu. Tena hilo bomba lishushe mpaka chini kabisa, mdomo wake ufiche kwenye mawe, lisionekane. Na tangi la chini ujaze. Tangi nusu ni la maskini."

Nchagwa alikuna kichwa. "Mzee, mimi nilikata vioo tu, bomba alipanga yeye. Twende mara moja tukamuulize, ni hapo tu."

"Ukikanyaga kwake," Nashoni akamwambia, "kwangu usirudi."

Nchagwa ana watoto. Akafanya alivyoambiwa.

Tangi likasimama, na kusema kweli lilikuwa zuri. Nashoni akavaa shati la Jumapili siku ya kazi, akakaa getini kungoja watu. Watu walikuja. Kila aliyetoka aliulizwa swali moja, lipi kubwa. Wote walisema la kwako, mzee. Hata hivyo bodaboda hawakubadilisha. Waliendelea kusema mzee wa samaki, na kwao mzee wa samaki alibaki Hezekia. Kumbe wivu ukiupa ulichouahidi hauendi zake, unavuta kiti unangoja kingine.

Kisha ikaja Jumapili moja tukiwa kanisani, umeme ukakatika. Kwa Hezekia maji ya juu yalipungua kidogo, yakafika kwenye lile tundu, bomba likavuta hewa, yakasimama. Yale machache yaliyoshuka yalikuta tangi la chini lina nafasi ya kuyapokea. Ndiyo maana tundu lilikuwepo, na ndiyo maana tangi lilikuwa nusu. Kwa Nashoni pampu iliposimama, bomba la kupandisha, ambalo mdomo wake ulizamishwa kwenye mawe ya tangi la juu, liligeuka likaanza kunyonya maji kwenda chini, na chini kulikuwa kumejaa pomoni. Tuliporudi, zulia la Wegesa lilikuwa limelowa kutoka ukuta hadi ukuta, na samaki wamejibana kwenye maji ya kufika kiganja.

Nilikuwa nakamua zulia pamoja na Wegesa aliposema, "Baba Lilian, nenda kwa mwenzako. Yeye haya anayajua."

"Kwenda kufanya nini?" Nashoni akauliza. "Unadhani hii ni bahati mbaya? Hili ni jicho baya. Yule alipita juzi barabarani akaangalia dirisha langu muda mrefu. Hezekia ananionea wivu."

Wegesa aliacha kukamua akanitazama, nami nikamtazama. Ndugu zangu, ogopeni siku mtakapoanza kusema maneno hayo. Mwenye wivu haujui wivu wake kwa sura, anaufahamu tu anapoupachika kwenye uso wa mwenzake. Na Nashoni hakuyasema nyumbani tu. Aliyasema mnadani, akayasema kwenye kijiwe cha kahawa, kwamba nyumba ile ya samaki ina jicho. Mnajua neno kama hilo linavyoweza kuchoma nyumba hapa kwetu.

Hezekia aliyasikia. Naye si malaika, ana kiburi chake cha ukoo. Nilimwomba aende amweleze tu yale mabomba, yaishe. "Nilimwambia akae, hakukaa," akasema. "Asiponifuata, simfuati." Wakawa wanapishana barabarani kama watu wasiojuana, watu ambao damu yao ilidondoka kwenye udongo mmoja siku moja.

Nashoni akatafuta dawa yake mwenyewe. Akanunua betri kubwa na ile mashine ya kugeuza umeme wake uwashe vitu vya nyumbani, akaziweka chumbani kwake chini ya dirisha. "Umeme hautakatika tena kwenye nyumba hii," akatangaza. Ikawa kweli. Kuanzia hapo hakuna kitu kilichoweza kuisimamisha ile pampu.

Sasa niwaambie kuhusu Lilian, maana ndiye aliyelipa.

Lilian ni binti yao, fundi cherehani, kibanda chake kilikuwa karibu na soko. Mikono ya yule mtoto ilikuwa na baraka. Ukimpelekea kitambaa kibaya anakurudishia nguo ya kwendea harusini. Alikuwa amechumbiwa na Gidion, kijana mkulima wa Nyambureti kule Serengeti, na wazee wa Gidion walikuwa wapange siku ya kuja kuzungumza. Lilian alianza kujishonea gauni la siku ya kupelekwa kwa mume, la kitambaa cha rangi ya udongo mwekundu, kola yake anaitarizi kwa mkono, pole pole, jioni baada ya kazi za watu.

Kwetu baba hakai peke yake kuzungumzia binti yake. Anakaa na wa rika lake, aliyesimama naye kwenye mstari, na huyo ndiye anayemsaidia kusikia pale ambapo masikio ya baba yameziba kwa uchungu au kwa tamaa. Kwa Nashoni mtu huyo alikuwa mmoja. Lilian, aliyekua akimwita Hezekia baba mkubwa, alimsihi baba yake.

"Baba, wageni watauliza. Nitawajibu nini?"

"Waambie anaumwa."

"Haumwi, baba. Yuko hapo anapalilia migomba."

"Nimesema hakai kwangu. Unataka aje ayaangalie maji yangu mara ya pili?"

Lilian alikuja kwangu akalia. Hakulia kwa sababu ya samaki, mnaelewa. Alijua kwamba wazee wa Nyambureti wakikuta nyumba ina ugomvi wa jicho watainuka wanyamaze, na ukimya wa watu wa posa huwezi kuushona kwa sindano yoyote.

Siku ikafika. Wageni walikuja na gari, wanne, mbele yao baba mdogo wa Gidion, mzee mpole mwenye fimbo nyembamba. Tulipika tangu asubuhi, mimi na Wegesa, nyama, mboga za majani, na ugali wa muhogo na mtama, ule mweusi unaonata. Lilian alivua viatu kwa heshima, akapita kuwanawisha wazee mikono akiwa amepiga magoti, shikamoo kwa kila mmoja.

"Marahaba, binti," baba mdogo akasema. Kisha akamgeukia Nashoni. "Mwenzako yuko wapi, mzee? Yule wa rika."

"Ana udhuru," Nashoni akajibu. Nilikuwa nimeshika mlango wa jikoni na sinia. Niliona yule mzee akiliweka jibu lile pembeni, kama mtu anayeweka mfupa ukingoni mwa sahani.

Nashoni naye aliona, akatafuta pa kuwapeleka macho yao. Akawaelekeza kwenye tangi. Wageni walishangaa kweli, mmoja akasema hajawahi kuona samaki akiwa hai na yeye akiwa amekaa kwenye kochi. Nashoni akapata nguvu. "Kwangu mgeni hali peke yake," akasema, akamega tonge la ugali, akalitupia majini. Sato wakalirukia. Wazee wakacheka, kila mmoja akamega lake. Wakatupia na kutupia, wakisifu, na Nashoni akamwagiza Wegesa alete ugali mwingine. Wegesa alininong'oneza, "Huo wa kwanza haujaliwa na watu."

Ugali ule mnaufahamu. Ukikauka kwenye sufuria unaung'oa kwa kijiwe. Majini unavimba, unakuwa ute. Samaki walishiba, mabaki yakaelea hadi kwenye kona, yakabanana kwenye yale meno ya kisanduku, mengine yakapenya yakaingia kwenye koo la bomba lile moja. Maji yakakosa pa kushukia. Pampu chini haikujua, ikaendelea kupandisha. Kwa Hezekia ingetokea hivyo, maji yangepanda vidole viwili, yangefika mdomo wa lile bomba refu, kavu, yangeshukia hapo, na mazungumzo yangeendelea. Kwa Nashoni yalipanda hadi ukingo wa kioo, yakaanza kumwagika upande wa nyuma, kimyakimya, juu ya waya na soketi zilizolala sakafuni.

Wa kwanza kujua alikuwa baba mdogo wa Gidion, aliyehisi baridi kwenye soksi. Wageni wakainuka, wakatoka barazani na viatu mkononi. Nashoni alichanganyikiwa. Alijaribu kuzuia maji kwa viganja vyake pale juu ya kioo, huku akipiga kelele, "Zimeni hiyo pampu, zimeni."

Lilian ndiye aliyekuwa karibu. Alikimbilia nyuma ya meza, miguu mitupu kwenye maji, akajishika kwenye chuma cha meza ili ainame. Hakuinama. Umeme ulimkamata. Mwili wake ulikaza, mdomo wazi bila sauti, na mkono wake wa kulia ulikuwa umefunga kwenye kile chuma haufunguki.

Niliacha sinia lianguke, nikatoka mlango wa nyuma, nikapiga yowe. Kwetu yowe halichagui wa kwenda. Hata kama mtu amekutukana jana, ukilisikia unaacha jembe. Hezekia aliruka ua wangu wa michongoma akiwa na mabuti yake ya shambani, ya mpira, tope la migomba limemfika magotini.

Alimkuta Nashoni amenyoosha mikono kumkumbatia mwanawe. Akampiga kikumbo kikamtupa kwenye kochi. "Usimguse. Mtakufa wote." Akakimbia nje kwenye mita, nikasikia swichi kubwa ikishuka. Tukangoja. Taa haikuzimika. Pampu iliendelea kunguruma, maji yaliendelea kumwagika, Lilian aliendelea kutetemeka pale pale.

Hezekia akarudi dirishani. Sijawahi kumwona amepoteza rangi vile. "Mura," akasema, "kuna umeme mwingine humu. Unatoka wapi?"

Yalikuwa maneno ya kwanza kati yao tangu lile zulia lilowe. Nashoni alifungua mdomo, na niliona ulimi wake unagoma, hata pale, hata mtoto akiwa anakufa mbele yake. Kisha ukafunguka.

"Betri. Chumbani kwangu. Chini ya dirisha."

Hezekia alizunguka nyumba, akavunja kioo cha dirisha kwa kiwiko, akaingiza mkono katikati ya nondo, akapapasa. Sauti ya pampu ikakoma. Lilian akaanguka. Nyumba ilinyamaza, na kilichosikika ni mikia ya samaki waliotoka na maji ikipigapiga sakafu.

Tulimlaza barazani. Hakuwa anapumua vizuri, kisha akakohoa, kisha akapumua. Gari la wageni lilimkimbiza hospitali, Hezekia akimshikilia kichwa kwenye siti ya nyuma, damu ya kiwiko chake ikimdondokea Lilian kwenye kanga. Nashoni alikaa mbele, hakugeuka nyuma njia nzima. Alikuwa anaogopa atakachokiona.

Lilian alipona. Mungu ashukuriwe, tunasema, na tunasema kweli. Lakini vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, vilikauka. Havikunji, havihisi sindano. Gauni jekundu lilibaki kwenye cherehani na kola nusu imetariziwa. Aliyelimalizia ni mwanafunzi wake, na Lilian alikaa pembeni akimwelekeza, na mkono wake ameuficha chini ya upande wa kanga. Nilikuwepo siku hiyo pia. Sikuweza kukaa hadi mwisho.

Baba mdogo wa Gidion alikaa kwenye benchi la hospitali hadi daktari aliposema mtoto ni mzima. Ndipo akamwambia Nashoni, kwa upole ule ule, "Tutarudi. Binti tunamtaka, na vidole vyake hivyo hivyo. Lakini tutarudi siku mwenzako atakapokuwa hana udhuru."

Nashoni alichukua muda. Kisha jioni moja nikiwa na Veronika, akaja, akasimama mlangoni, kofia mkononi. Safari hii alikwenda kwanza kwenye kiti. Akaushika ule mkono mzima wa Veronika kwa mikono yake miwili, akamsalimu kwa jina lake. Veronika alimtazama sana, mdomo ukahangaika, akasema, "Karibu."

Hezekia alikuwa amesimama kando ya tangi, bandeji kiwikoni. Nashoni akasogea kwenye kona, akaingiza kidole kwenye mdomo wa lile bomba refu, akakitoa. Kilikuwa na vumbi.

"Mura," akauliza, "hili kazi yake nini?"

Hezekia alivuta kiti. "Kaa chini," akasema.

Nashoni akakaa. Akaelezwa yote, la kushusha na la kupandisha, tundu na nusu tangi, kwa maneno machache mno. Uji niliokuwa namlisha Veronika haukuwa umepoa Hezekia alipomaliza. Nashoni aliinamisha kichwa magotini akalia, mzee yule, mbele ya wanawake, na hakuna aliyemzuia.

Mafunzo

Ndugu zangu, posa ilifanyika, Hezekia akakaa kulia kwa Nashoni, Lilian yuko Nyambureti na mumewe. Mnaweza kusema basi yamekwisha vizuri. Nendeni Nyambureti mkamtazame akijaribu kufunga kifungo cha shati la mtoto wake, halafu mrudi mniambie.

Wivu haukumzuia Nashoni kuona. Aliona bomba, aliona tundu, aliona tangi nusu, aliviona kuliko sisi sote. Ulimzuia kuuliza. Hilo ndilo liogopeni. Unapomtamania mwenzako kitu, unachokitamani ni kile kinachong'aa mbele, na kile kinachokilinda kwa nyuma unakicheka. Unaiga nyumba unaacha msingi. Kisha maji yakija unasema umerogwa.

Na usiseme mtu hana kazi kwa sababu hujamhitaji leo. Jirani usiyemsalimu, wa rika lako uliyemnunia, huyo ndiye utakayetaka asikie yowe. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, tunaimba kila siku, lakini tunamtukana kabla dhiki haijafika. Kama kuna mlango unaoupita kila siku na kichwa juu, kwa sababu wa ndani alitajwa kabla yako siku fulani ya zamani, ingia leo. Uliza ulichokuwa unataka kuuliza. Swali la Nashoni lilijibiwa kabla uji haujapoa, na binti yake alikuwa ameshalilipia kwa vidole.